Siasa za Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu serikali, uchaguzi, vyombo vya habari na haki za kikatiba

Maswali haya hurudi kila Marekani wakifanya uchaguzi au rais wao akisaini kitu kinachotugusa na sisi. Nimeanza na ya msingi, mbele yanazidi kuwa magumu. Ila kama unaishi kule na bado hujapata uraia, anza na swali la 8 na la 15, mengine utarudi kuyasoma baadae, maana hayo mawili ndio watu wanaharibikiwa nayo maisha.

## Serikali: nani ana mamlaka ya nini

1. Rais wa Marekani si ndio bosi wa kila kitu? Mbona jaji anaweza kumsimamisha?

Hapana sio bosi wa kila kitu, na walioandika katiba mwaka 1787 kule Philadelphia walifanya makusudi, walikuwa wametoka kupigana na mfalme wa Uingereza kwahiyo hawakutaka mtu mmoja ashike kila kitu. Wakagawa. Kongresi, yaani bunge lao, inatunga sheria na kupitisha hela, rais anatekeleza na ni amiri jeshi mkuu, mahakama zinatafsiri, na tangu kesi ya Marbury ya mwaka 1803 mahakama inaweza kusema sheria fulani inavunja katiba na sheria hiyo ikawa imekufa.

Zile karatasi anazosaini mbele ya kamera ni amri za rais, sio sheria. Zinawaelekeza watumishi wa serikali kuu wafanye nini, na lazima ziwe na mguu kwenye katiba au kwenye sheria iliyopo. Truman alitaka kuchukua viwanda vya chuma mwaka 1952 wakati wa vita ya Korea, Mahakama ya Juu ikamkatalia. Biden akataka kufuta madeni ya wanafunzi ya kama dola bilioni 400, ikamkatalia nae 2023. Kwahiyo ukisikia "Trump amefuta" kitu fulani jiulize kwanza hicho kitu kiliwekwa na nani: kama kiliwekwa kwa amri ya rais aliyepita anaweza kukifuta siku hiyo hiyo, kama kimo kwenye sheria ya Kongresi kisheria anatakiwa arudi Kongresi, na kama kimo kwenye katiba yenyewe soma swali la 18.

Kuhusu jaji mmoja kuzuia jambo nchi nzima, hilo Mahakama ya Juu ililibana Juni 2025. Siku hizi wanasheria wanafungua zaidi kesi za kundi zima la watu ili zuio liwafikie wengi.

2. Majimbo yana nguvu gani hasa?

Kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Majimbo ni 50 na kila moja lina katiba yake, gavana wake, bunge lake na mahakama yake ya juu. Ndoa, shule, leseni ya udereva, polisi wa mtaani, kesi nyingi za jinai, yote hayo ni ya jimbo. Texas wana adhabu ya kifo, Michigan waliacha kuwapa wauaji adhabu hiyo tangu karne ya 19, na ni nchi moja hiyo hiyo. Colorado bangi ni halali kwa kura ya wananchi ya 2012 lakini kwa sheria ya serikali kuu bado ni kosa, na mhamiaji akikubali mbele ya ofisa wa uhamiaji kwamba anavuta inaweza kumgharimu makaratasi yake hata kama jimbo limeruhusu.

Hii inajibu pia swali la msamaha: rais anasamehe makosa ya serikali kuu tu. Mtu aliyefungwa na jimbo aelekee kwa gavana au bodi ya msamaha ya jimbo hilo.

3. Kongresi ni nini na kwanini Seneti ina nguvu hivyo?

Ni bunge lenye nyumba mbili. Bunge la Wawakilishi lina watu 435, wanagawiwa kwa idadi ya watu na wanachaguliwa kila baada ya miaka 2. Seneti ina watu 100, wawili kila jimbo, miaka 6 kila mmoja. Wyoming yenye watu wasiofika laki sita ina maseneta wawili, California yenye watu karibu milioni 39 nayo wawili. Mimi naona hii ndio sehemu isiyo ya haki kuliko zote kwenye mfumo wao, ila kumbuka ndio dili lililofanya majimbo madogo yakubali kuingia kwenye muungano.

Seneti ndio inathibitisha majaji, mawaziri na mabalozi. Na kwa kanuni zake yenyewe (sio katiba) miswada mingi inahitaji kura 60 ili mjadala ufungwe, ndio maana chama kinaweza kushika Ikulu na nyumba zote mbili za Kongresi na bado mambo yake yakakwama.

4. Kwahiyo nani aliamua misaada ya ukimwi na afya ikatwe huku kwetu?

Hili linaumiza kwahiyo nalijibu kwa urefu. PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na ukimwi, ulianzishwa 2003 chini ya George W. Bush, kwa sheria ya Kongresi, na Kongresi ndio imekuwa ikiupitishia hela, vyama vyote viwili. Januari 20, 2025, siku ile ile aliyoapishwa, Trump akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Kliniki za Kenya, Uganda, Tanzania na kwingine zikaamka wafanyakazi wameambiwa wabaki nyumbani. Ilipofika Julai 1, 2025 USAID, shirika lao la misaada, ikawa haipo tena kama shirika, kilichobaki kikahamia Wizara ya Mambo ya Nje.

Je aliruhusiwa? Kuna sheria ya 1974 iliyotungwa baada ya rais Nixon kukalia hela, inasema rais hawezi kuzuia pesa zilizopitishwa na Kongresi bila kurudi Kongresi kuomba. Kesi zikafunguliwa, majaji wa chini wakatoa maagizo ya kulipa, na Septemba 2025 Mahakama ya Juu ikairuhusu serikali ishikilie kama dola bilioni 4 wakati kesi inaendelea. Katikati ya hapo Kongresi nayo ilikubali kufuta sehemu ya hela za misaada ilizokuwa imepitisha, ila Seneti ilikitoa kipengele cha kukata dola milioni 400 za PEPFAR. Wabunge waliosimamia hilo walikuwa wa chama cha rais mwenyewe. Kwahiyo asasi zetu zinapotafuta kusikilizwa Washington, Ikulu sio mlango pekee, kamati za Kongresi ndio zinashika daftari la hela.

AGOA, ule mpango wa bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru, nayo ni mfano mzuri. Ni sheria ya Kongresi ya mwaka 2000 ila imempa rais kazi ya kuamua nani anastahili, ndio maana Biden aliweza kuitoa Uganda kuanzia Januari 1, 2024 bila kupiga kura yoyote bungeni.

## Uchaguzi

5. Tume ya uchaguzi ya Marekani iko wapi? Nani anatangaza matokeo?

Hakuna tume moja ya taifa kama IEBC ya Kenya au INEC ya Tanzania. Uchaguzi unaendeshwa na majimbo, na kazi yenyewe inafanywa na kaunti, maelfu ya ofisi ndogo zenye karatasi zao, mashine zao na tarehe zao za mwisho. Ipo FEC lakini hiyo inasimamia hela za kampeni tu.

Matokeo rasmi yanathibitishwa na kila jimbo wiki kadhaa baadae, wajumbe wanaomchagua rais (swali la 6) wanapiga kura zao Desemba, na Januari 6 Kongresi inazihesabu. Makamu wa rais anasimamia kikao hicho, ila sheria ya 2022 imeweka wazi kwamba hana uwezo wa kukataa kura, hii ilikuja baada ya wafuasi wa Trump kuvamia jengo la Kongresi Januari 6, 2021. Yule mshindi tunayemsikia usiku ule ule ni hesabu za vyombo vya habari, tazama swali la 11.

6. Mtu anapata kura nyingi halafu anashindwa, inakuwaje?

Kwasababu wananchi hawamchagui rais moja kwa moja, wanachagua wajumbe wa jimbo lao na wajumbe ndio wanamchagua rais. Kila jimbo lina wajumbe sawa na wabunge wake ukijumlisha maseneta wake wawili, Washington DC ina 3, jumla 538, ukifika 270 umeshinda. Majimbo 48 yanampa mshindi wajumbe wote hata akishinda kwa kura moja, isipokuwa Maine na Nebraska wanaogawa kwa wilaya za uchaguzi.

Hesabu hiyo ndio ilimpa Bush urais mwaka 2000, tofauti ya Florida ilikuwa kura 537 tu wakati Al Gore alimzidi nchi nzima kwa zaidi ya laki tano. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Trump kwa karibu kura milioni 2.9 na akashindwa. 2024 Trump alishinda kote kote, kura za wananchi na wajumbe 312 kwa 226.

Matokeo yake kampeni zinakwenda kwenye majimbo machache yasiyo na mwenyewe. 2024 yalikuwa saba: Pennsylvania, Michigan, Wisconsin, Georgia, North Carolina, Arizona na Nevada. Mkazi wa California au Alabama kura yake ya urais inajulikana kabla hajatoka nyumbani, na hela za matangazo hazimfikii.

7. Kwanini wanapiga kura Jumanne, siku ya kazi?

Sheria ya 1845, enzi za wakulima na farasi: Jumapili ni kanisani, mtu anahitaji siku ya kusafiri kufika mjini, basi Jumanne. Mpaka leo sio sikukuu ya taifa, japo majimbo mengi yana kura za mapema na za posta.

8. Nina grini kadi, nalipa kodi, naweza kupiga kura?

Hapana. Hapana. Rais, seneta, mbunge, usiguse. Sheria ya 1996 inafanya kuwa kosa la jinai kwa asiye raia kupiga kura kwenye uchaguzi wa serikali kuu, na kudai wewe ni raia kwenye fomu wakati sio ni kosa linaloweza kukufukuzisha nchini na kukufungia mlango maisha yako yote, hata kama una watoto raia na nyumba unalipia.

Mtego upo kwenye ofisi za leseni za udereva. Tangu sheria ya 1993 ofisi hizo zinaandikisha na wapiga kura hapo hapo, karani anauliza haraka haraka "unataka kujiandikisha?", mtu Kiingereza bado kinamsumbua, anaitikia ndio na kusaini akidhani ni sehemu ya leseni. Miaka inapita, anaomba uraia, fomu inamuuliza umewahi kujiandikisha au kupiga kura Marekani? Hapo ndio familia inaanza kutafuta wakili usiku. Soma sanduku la uraia kabla ya kusaini, weka hapana, omba mkalimani. Na kama umegundua ulishaandikishwa usipige kura hata siku moja, na nenda kwa wakili wa uhamiaji kabla hujaandika barua yoyote ya kujieleza.

Kuna miji michache, kama Takoma Park kule Maryland, inayoruhusu wasio raia kwenye uchaguzi wa mji tu. Hata huko muulize wakili kwanza.

9. Nani anaweza kugombea urais? Mamdani anaweza? Na Trump muhula wa tatu?

Rais awe raia wa kuzaliwa, umri kuanzia miaka 35, na awe ameishi Marekani miaka 14. Zohran Mamdani alizaliwa Kampala mwaka 1991 na akapata uraia 2018, kwahiyo umeya wa New York aliouchukua Januari 2026 ni halali kabisa, hata ugavana au useneta anaweza, ila urais na umakamu hapana. Ilhan Omar aliyezaliwa Somalia na kupita kambi ya wakimbizi Kenya akiwa mtoto nae ni hivyo hivyo, mbunge ndio, rais hapana. Obama baba yake alikuwa Mkenya lakini yeye amezaliwa Honolulu 1961, na zile stori za kwamba alizaliwa Kenya zilikuwa uongo uliosambazwa miaka na miaka.

Muhula wa tatu: Marekebisho ya 22 ya katiba, ya mwaka 1951, yanasema hakuna mtu atakayechaguliwa kuwa rais zaidi ya mara mbili. Yalikuja baada ya Franklin Roosevelt kuchaguliwa mara nne. Haijalishi kama mihula imefuatana au imeachana.

10. Kuchora mipaka ndio nini? Mbona Texas na California walikuwa wanagombana?

Kila baada ya sensa, yaani miaka 10, majimbo yanachora upya wilaya za kuchagua wabunge, na sehemu nyingi wanaochora ni wanasiasa wenyewe. Unawakusanya wapinzani wako kwenye wilaya moja au unawatawanya kwenye wilaya nyingi wasifike wingi popote. Mahakama ya Juu ilisema 2019 kwamba mahakama za serikali kuu haziingilii uchoraji wa kichama. Mwaka 2025 Texas walichora upya katikati ya muongo ili Republican, chama cha Trump, wapate viti zaidi, California wakajibu kwa kura ya wananchi ya Novemba 2025 ili Democratic nao wapate. Anayepoteza pande zote mbili ni mpiga kura, maana mbunge anakuwa amechagua wapiga kura wake.

## Vyombo vya habari na hela

11. Kwanini tunasubiri CNN au AP watuambie nani kashinda?

Kwasababu ya lile la swali la 5, matokeo ya maelfu ya kaunti hayana mahali pamoja pa kutangazwa usiku ule. Shirika la habari la AP limekuwa likikusanya hesabu hizo tangu 1848, wana watu wao kaunti kwa kaunti, na wanataja mshindi pale wanapoona anayefuata hawezi tena kumfikia. Wanaweza kukosea, usiku wa 2000 televisheni kubwa zilimpa Gore Florida, zikaifuta, zikampa Bush, zikaifuta tena. Kisheria tangazo lao halina uzito wowote.

12. Kwanini televisheni za Fox na MSNBC (tangu Novemba 2025 inaitwa MS NOW) wanaongea kama wako nchi mbili tofauti?

Kuanzia 1949 kulikuwa na kanuni iliyowalazimu wenye leseni za redio na televisheni kugusa mambo yenye mabishano na kutoa upande zaidi ya mmoja. Ikafutwa 1987, na redio za maoni zikalipuka mara moja. Ila televisheni za kebo kanuni ile haikuwa inazibana, na Fox News na MSNBC zote zilianza 1996 zikagundua kwamba mtazamaji mwenye hasira hahami chaneli, na asiyehama ndio anauzika kwa watangazaji. Juu ya hapo magazeti ya miji midogo yamekufa kwa wingi, kwahiyo mtu hana tena habari za kaunti yake, anazo za Washington tu.

Ukitazama tofautisha kipindi cha habari na kipindi cha maoni, saa za usiku nyingi ni maoni. Na uongo una bei wakati mwingine: Fox walilipa dola milioni 787.5 mwaka 2023 kumaliza kesi ya Dominion, kampuni ya mashine za kura iliyosingiziwa kuiba uchaguzi wa 2020.

13. Serikali ya Marekani inaweza kufungia gazeti?

Kwa Marekebisho ya Kwanza ya katiba, yanayolinda uhuru wa kusema na wa magazeti, karibu haiwezekani. Mwaka 1971 Nixon alijaribu kuzuia New York Times wasichapishe nyaraka za siri za vita ya Vietnam akashindwa Mahakama ya Juu, na tangu 1964 kiongozi wa umma akitaka kushinda kesi ya kuchafuliwa jina lazima athibitishe gazeti lilijua ni uongo au halikujali kabisa kama ni kweli. Magazeti hayana leseni ya kufutiwa.

Televisheni za hewani ndio zina leseni, na hapo shinikizo linapita mlango wa nyuma. Septemba 2025 televisheni ya ABC walimsimamisha mchekeshaji wao Jimmy Kimmel kwa siku kadhaa baada ya mwenyekiti wa FCC, mamlaka inayotoa leseni hizo, kuzungumzia hadharani hatua dhidi ya vituo. Alirudi, lakini kila mwenye kituo alisikia. Sauti ya Amerika, ambayo wengi tumekua nayo kwa Kiswahili, ni kitu kingine, ile ni ya serikali na inalipwa na hela ya Kongresi, ndio maana Machi 2025 rais aliweza kuwapeleka wafanyakazi wake likizo ya lazima kwa amri.

14. Matajiri wananunua uchaguzi kihalali?

Kumpa mgombea mkononi kuna kikomo. Ila kesi ya Citizens United ya 2010 iliruhusu makampuni na vyama vya wafanyakazi kutumia hela bila kikomo mradi hawapangi pamoja na mgombea, na kutoka hapo zikazaliwa kamati za hela zisizo na ukomo. Elon Musk pekee alitumia zaidi ya dola milioni 250 kwenye uchaguzi wa 2024. Kihalali ndio. Mimi nadhani imewadhuru sana.

## Haki, hasa kwa sisi tusio raia

15. Katiba inanilinda kama sio raia? Maofisa wakigonga mlango nifanyeje?

Inakulinda, kwa sehemu kubwa. Vifungu vingi vinasema "mtu", havisemi "raia", na Mahakama ya Juu imelishikilia hilo tangu kesi ya Yick Wo ya 1886. Una haki ya kukaa kimya, kutopekuliwa ovyo, na kusikilizwa.

Mlangoni: kwa kanuni ya miaka mingi maofisa hawaingii ndani bila ruhusa yako au hati iliyosainiwa na jaji. ICE, yaani maofisa wa uhamiaji wanaokamata watu, mara nyingi wanakuja na hati ya uhamiaji iliyosainiwa na ofisa wao wenyewe, hiyo sio ya jaji. Waombe waipitishe chini ya mlango au waioneshe dirishani, soma jina la mahakama na saini. Serikali ya Trump imeanza kubishia kanuni hii kwa watu wenye amri ya mwisho ya kuondoka, kwahiyo kama una amri hiyo ongea na wakili leo, usisubiri. Wakiingia kwa nguvu usipigane, sema tu hukubali. Usidanganye, usioneshe karatasi feki, usisaini usichokielewa.

Tofauti moja inaumiza watu wengi: kwenye kesi ya jinai usipokuwa na hela unapewa wakili bure, ni haki tangu kesi ya Gideon ya 1963, ila mahakama ya uhamiaji hakuna wakili wa bure wa serikali, unamtafuta mwenyewe. Na uwanja wa ndege pia ni tofauti, pale mpakani wanaweza kukagua simu bila hati, na mwenye viza akikataa wanaweza kumrudisha.

16. Mtoto akizaliwa Marekani ni raia moja kwa moja?

Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868 yanasema hivyo na kesi ya Wong Kim Ark ya 1898 ikathibitisha kwa mtoto wa Wachina waliokuwa sio raia. Watoto wa mabalozi hawamo. Januari 2025 Trump alisaini amri ya kuwaondoa watoto wa wasio na makaratasi na wa wenye viza za muda, mahakama za chini zikaizuia, kesi ikafika Mahakama ya Juu. Chukua cheti cha kuzaliwa mapema na uweke nakala.

17. Uhuru wa kusema maana yake naweza kusema chochote?

Serikali haiwezi kukufunga kwa maoni, hata ya chuki, hata kuchoma bendera ni ruksa tangu 1989. Kutishia mtu kweli kweli, kuchochea vurugu za papo hapo na kumchafua mtu kwa uongo havimo. Ila kinachobanwa ni serikali. Mwajiri binafsi anaweza kukufukuza kwa ulichoandika, na mtandao binafsi unaweza kukufungia, kama Twitter walivyomfungia Trump Januari 2021.

18. Si wabadilishe tu katiba waondoe bunduki?

Theluthi mbili ya kila nyumba ya Kongresi, halafu majimbo 38 kati ya 50 yakubali. Katiba imerekebishwa mara 27 tu, na 10 za kwanza zilikuja kwa mpigo 1791. Majimbo 13 yakigoma imekwisha, na yanayopenda bunduki ni zaidi ya hayo. Mahakama ya Juu ilisema 2008 kwamba kumiliki bunduki ni haki ya mtu binafsi chini ya katiba, kwahiyo mabishano yaliyobaki ni ya masharti: leseni, umri, aina ya silaha.

19. Wajumbe wakigawana 269 kwa 269 nani anakuwa rais?

Bunge la Wawakilishi linachagua, lakini kwa kura moja kila jimbo, yaani wabunge wote wa California wanakubaliana kura moja na mbunge pekee wa Wyoming nae ana moja, anayefika 26 ameshinda. Mwaka 1824 Andrew Jackson aliongoza kwa kura na kwa wajumbe ila hakufika nusu, na bunge likampa John Quincy Adams. Makamu anachaguliwa na Seneti, kila seneta na kura yake, kwahiyo inawezekana kabisa rais akatoka Republican na makamu wake Democratic.